Miguu Yangu Chini ya Mighafu

Watu hudhani kazi ya askari wa lango ni macho. Mimi niliyeifanya miaka tisa nakwambia ni miguu. Unasimama kwa muda wa saa kumi na mbili katika ukumbi wa marumaru wa jengo refu kule Marina, unafungua mlango, unasalimia sir na madam, unashuka kuzunguka maegesho, unapanda ngazi za dharura kuona kama kuna aliyeacha baiskeli njiani, unarudi kusimama tena. Macho yakichoka utayasugua. Miguu ikigoma kazi imekwisha, na hapa Dubai kazi ikiisha viza inaifuata, na bima ya hospitali inaifuata viza.

Ndiyo maana habari yangu ya saratani ni habari ya miguu. Ugonjwa wenyewe ulianzia shingoni, kwenye tezi. Kola ya shati la kazi ilianza kunibana upande mmoja, nikaenda stoo kuomba shati kubwa zaidi, nikapewa, nikaendelea kazi miezi miwili. Majina ya dawa na mambo ya seli utamuuliza daktari wako. Mimi nilielezwa mara tatu na bado siwezi kukueleza. Ninachokijua ni kile kiti cha chumba cha kusubiri, kikaratasi cha namba mkononi, kipupwe kinachopuliza utosini, na jinsi unavyowaangalia walioitwa kabla yako ukijaribu kusoma nyuso zao wakitoka. Kama umekaa hapo leo, nakuandikia wewe.

Kemo, yaani dripu ya dawa ya saratani, ilikuwa mara sita, kila baada ya wiki tatu. Ya kwanza ilinikuta Septemba, joto likiwa bado linakupiga kibao ukifungua mlango. Ya pili ndevu zilibaki kwenye taulo. Ya tatu nyusi zikafuata, na chai ikawa na ladha ya misumari. Katika chumba chetu cha kampuni tuko sita, na Okello, Mganda mmoja mwenye maneno machache, alinihamishia kitanda cha chini siku nilipokuwa hospitali. Nilirudi nikakuta shuka zangu zimetandikwa na yeye yuko juu amelala, au anajifanya amelala. Sikujua namna ya kumshukuru, basi nikamwambia anakoroma.

Mke wangu Jebet yuko hapa Dubai pia, lakini usifikirie tunaishi pamoja. Yeye ni yaya, analala kwa madam wake kule mtaa wa JVC, na siku yake ya mapumziko ni Jumapili. Ndoa yetu ni ya Jumapili. Binti yetu Chelimo yuko Marigat, Baringo, kwa mama yangu. Wakati wa kemo Jebet alikuwa akija na chakula kwenye mikebe, ananifulia, ananikagua kama mtoto wake wa kazini, kisha saa mbili usiku anakimbilia basi. Mama tulimwambia nina homa ya mapafu.

Sasa nikuambie kosa langu, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sisi askari tuna kitabu cha matukio langoni. Kila saa unaandika ulichokiona ukizunguka. Na kila askari, awe Mkenya, Mnepali au Mpakistani, anajua maneno matamu kuliko yote katika kitabu hicho: hali ni shwari. Ukiandika kwamba taa ya ngazi ya tisa imezimika, msimamizi atakuuliza ilizimika saa ngapi, uliiona saa ngapi, kwa nini hukupiga simu. Ukiandika hali ni shwari hakuna anayekuuliza kitu. Nimewahi kuandika shwari nikiwa sijanyanyuka kwenye kiti. Wote tumewahi.

Basi nesi wa kule hospitali, Mkenya mwenzetu, Sista Wairimu, kila mara kabla ya kunitundikia dripu alikuwa na maswali yale yale.

"Miguu iko aje, Kiprono? Unaskia ganzi? Vijisindano kwa vidole?"

"Shwari, sista."

"Vifungo vya shati unafunga mwenyewe?"

"Shwari kabisa."

Uongo mtupu. Baada ya kemo ya tatu vidole vya miguu vilianza kupotea kimoja kimoja. Ya nne nilikuwa nikitembea kama nimevaa soksi kumi. Lakini niliona nikisema, wataandika, na kikiandikwa kitafika kwa kampuni, na askari asiyesikia miguu yake ni askari wa nini? Nikafunga mdomo. Nilidhani nalinda lindo langu.

Baada ya ile ya tano nilitoka kuoga nikatembea hadi chumbani. Okello akainuka kitandani akiangalia sakafu nyuma yangu.

"Bro, nani amekukata?"

Kigae kilichovunjika bafuni kilikuwa kimenichana wayo, na nilikuwa nimekuja na damu korido nzima bila habari. Okello akanifunga kwa fulana yake. Nilimwapisha asiseme. Lakini Jumapili Jebet alishika soksi zangu ili afue, akazigeuza. Kisha akaja akasimama mbele yangu nazo.

"Baba Chelimo, hii damu ni ya nani?"

"Nilijikwaa kidogo."

"Vua kiatu."

"Jebet..."

"Vua, nimesema."

Alikitazama kile kidonda, akakibonyeza pembeni, akanitazama usoni. Sikukunja uso kwa sababu sikusikia kitu. Hapo ndipo alipoelewa, na sijawahi kumwona na hasira vile. Hakupiga kelele. Aliendelea kufua soksi ile moja mpaka ikaanza kutoboka.

Kemo ya sita alimwomba madam ruhusa, akaja kukaa kando yangu. Sista Wairimu alipouliza miguu iko aje, nilifungua mdomo, Jebet akanijibia.

"Haiskii, sista. Tangu ile ya tatu. Amekuwa akikudanganya."

Sista aliweka kalamu chini. Alitoka, akarudi na daktari, na dawa moja ikaondolewa siku hiyo hiyo. Daktari alipokwenda, Sista Wairimu aliniambia taratibu, na upole wake ulinichoma kuliko kama angenifokea: "Ungesema mapema tungeipunguza mapema. Sasa mishipa ya fahamu imeumia. Inaweza kurudi, lakini ni pole pole, miezi. Na pengine isirudi yote." Aliniagiza nikague nyayo kila siku kwa kioo, nisitembee peku hata hatua moja, na nitembee sana, hasa kwenye ardhi isiyo sawa, ili miguu ijifunze upya.

Januari picha ya mwili mzima ilitoka safi. Saratani haikuonekana. Jebet alipiga magoti pale pale koridoni, na mfagiaji akasimamisha ufagio wake akamngojea amalize. Nilifurahi, Mungu anajua. Lakini kampuni ilikuwa imenivumilia kwenye likizo ya ugonjwa hadi mwisho wa uvumilivu, na barua yao ilisema hivi: mwishoni mwa Machi nipimwe na daktari wao. Nisimame, nitembee, nipande na kushuka ngazi bila kushika reli. Nikiweza narudi langoni. Nisipoweza, khalas, narudi nyumbani na sanduku langu. Na nilikuwa nimepona kitu kinachotaka kupimwa tena kila baada ya miezi michache, kwa bima ile ile ya kampuni.

Jebet ndiye aliyejua pori la kutembelea, lenye ardhi isiyo sawa kama alivyoagiza sista. Aliwahi kuwapeleka watoto wa madam huko. Liko upande wa jangwani, ng'ambo ya mtaa wa Silicon Oasis, mabasi mawili na mwendo kidogo. Tukaamua Jumapili asubuhi iwe ya pori, na kanisa tukalihamishia ibada ya jioni. Mara ya kwanza nilipofika nikasimama getini nikashika kiuno.

"Jebet, umenileta kuona mathenge?"

Kama hujafika Baringo, mathenge ni mti ulioletwa kwetu kuzuia jangwa, ukazuia kila kitu. Umemeza malisho, umefunga njia, mbuzi wakila maganda yake meno yanaoza, na mwiba wake unapita soli ya kandambili hadi mfupa. Utoto wangu wote nimeukata na kuuchoma, na kila mvua ukarudi. Sasa nimevuka bahari, nimepona saratani, nakuta watu wameujengea uzio na vibao vya kuusifia. Jebet, ambaye kwao ni Eldama Ravine kwenye baridi na nyasi, alicheka mpaka akaketi.

Siku hiyo alitoa daftari kwenye mkoba, la watoto wa shule, lenye jalada la bluu.

"Hiki ndicho kitabu chako cha matukio. Utaandika unachoona na unachoskia kwa miguu. Mimi ndio supervisor, nitaweka sahihi. Na ukiniandikia hali shwari, nakirarua."

Nikaandika. Mwanzoni kwa dharau, kisha nikazoea. Saa 1:15 asubuhi, mchanga una unyevu, ilinyesha juzi. Saa 1:30, majani membamba yameota chini ya miti, marefu kama njiti ya kiberiti. Miguu: hakuna kitu. Saa 1:50, nimeyumba mara mbili, nimeshika mke. Miguu: hakuna kitu. Kabla ya kuondoka Jebet alinikalisha kwenye benchi, akanivua viatu, akaniambia nifunge macho, akanigusa vidole kwa kijiti cha meno. Nibahatishe ni kipi. Nilibahatisha vibaya kila mara.

Daftari lile lilinifungua mdomo kwingine pia. Jumamosi moja nilimpigia mama nikamwambia ukweli wote, kuanzia kola ya shati. Aliposikia yote akauliza, "Unakula?" Nikamwambia nakula. Nikamwambia pia natembea kila Jumapili kwenye msitu wa mathenge. "Mpaka huko?" akasema mama. "Imekufuata mpaka huko?" Tulicheka wote wawili, na alikuwa akilia.

Februari mambo yakaharibika. Kulikuwa na mti mmoja mkubwa baada ya tangi la maji, ambao tuliutumia kama kituo. Jumapili moja nikaona majani yake yamegeuka rangi. Iliyofuata yalikuwa chini yote, na matawi yamebaki mifupa. Nikaandika: saa 1:40, mti wa tangini umekufa. Jebet aliisoma, akakataa kuweka sahihi.

"Umejuaje umekufa?"

"Si unauona?"

"Naona hauna majani. Andika hauna majani."

Nilikasirika kupita kiasi, na sababu naijua. Nilikuwa nimeufunga mti ule moyoni pamoja na miguu yangu, ukifa nayo imekufa. Nilikuwa naogopa. Usiku sikulala nikiwaza Chelimo anakuja kunipokea uwanja wa ndege na mimi natembea kama mlevi. Lakini mwanamume wa kwetu hamwambii mke wake anaogopa, basi nikagombana naye juu ya mti.

Mwanamume aliyekuwa akikusanya majani kwa reki alisikia Kiswahili akageuka. Alikuwa Mtanzania wa Lushoto, mtunza bustani wa pale, jina lake Saidi.

"Hamjambo jamani? Kaka, mbona unauzika mti wa watu ukiwa hai?"

"Huu? Kwetu mti unapata majani mvua ikinyesha. Huu umenyeshewa ndiyo ukapukutika. Si kifo hicho?"

"Sasa si ndiyo ghaf wenyewe. Sisi tunauita mghafu. Huu kila mwaka mwezi huu unavua nguo kuukuu, halafu joto likianza tu, unavaa mpya. Wenzake wakikauka yeye ndo kwanza kijani. Hebu sogea." Alivuta tawi likafika usoni mwangu. Kwenye kila kifundo palikuwa na kitone, kidogo kuliko punje ya ulezi. "Unaona? Mpe wiki tatu."

"Mathenge ni mathenge tu," nikasema, kwa ubishi.

"Mathenge? Aa, mathenge yenu yapo, lakini siyo haya." Alielekeza reki kwenye uzio. "Yale kule. Wenyeji wanayaita ghuwaif. Tunayakata kila mwaka, na kila mwaka yanarudi. Hayo ndiyo yenye miiba ya kuua mtu. Haya ni ndugu zao wenye adabu."

Jebet alinirudishia daftari. Nikafuta neno umekufa, nikaandika hauna majani, una vitone. Akaweka sahihi.

Baada ya hapo nilianza kuona. Sijui kama vitu vile vilikuwepo siku zote. Ndege hudihudi alianza kuja, na kishungi chake, akidonoa mchanga kama anayetafuta funguo. Mikunazi ya karibu na geti ikaangusha kunazi, Saidi akatupa mfuko mzima, na kwa mara ya kwanza tangu kemo ya tatu nikasikia utamu mdomoni badala ya misumari. Nyusi zangu zilirudi, nyembamba kama za mtoto mchanga. Vile vitone vikapasuka, vikatoa majani madogo laini yaliyokunjwa, kijani cha kung'aa, na ule mti wa tangini ukawa wa kwanza. Kila kitu kilikuwa kikirudi isipokuwa kile nilichokihitaji. Miguu: hakuna kitu. Nililiandika neno hilo mara nyingi hadi mkono ukawa unaliandika wenyewe.

Mwanzo wa Machi Jebet alisema, kwa sauti ya chini, kwamba labda tuanze kumwandaa Chelimo, labda nirudi yeye abaki. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kama amechoka kubeba mgonjwa aseme. Alivaa mkoba wake akaenda kituoni peke yake, na wiki ile nzima hakunitumia hata salamu. Wagonjwa wenzangu, hili nalo mlijue: anayekuuguza anaumwa pia, ila hana kiti cha kukalia wala namba mkononi. Jumapili nilikwenda porini nikiwa sina hakika. Nilimkuta getini ameshafika, chai ikiwa kwenye chupa. Nikamwambia, "Ninaogopa, Jebet." Akasema, "Mimi pia." Tukaingia.

Jumapili iliyofuata ilikuwa imebaki wiki moja na siku chache kabla ya kupimwa. Asubuhi ilishaanza kuwa na joto. Mighafu yote ilikuwa imevaa, na mingine ikichipua vishada vya maua ya manjano yenye nyuki. Hudihudi alitua karibu na uzio, nikaiacha njia kumfuata, polepole, ili nimwandike vizuri. Saidi alikuwa amekata yale mathenge katikati ya wiki na matawi yalikuwa bado yamelundikwa pale. Sikuyaangalia. Nilikuwa namwangalia ndege.

Nikapiga yowe. Hudihudi akaruka. Jebet, aliyekuwa nyuma akimimina chai, aliiacha chupa akaja mbio akidhani nimeanguka. Alinikuta nimesimama kwa mguu mmoja nimeushika uzio.

"Nini? Umevunjika? Sema!"

"Mwiba!"

"Wapi?"

"Kidole cha pili! Mguu wa kushoto! Mama yangu, unauma!"

Alinikalisha mchangani akaanza kufungua kamba za kiatu. Mwiba ulikuwa umepita soli ukavunjikia kidoleni, kipande chenye urefu wa kucha ya kidole gumba. Alipotaka kuuvuta nikamshika mkono.

"Ngoja."

"Ngoja nini, Baba Chelimo? Unatoka damu!"

"Ngoja kidogo tu."

Akaniangalia, kisha akaangalia kidole. Kile kijiti chake cha meno kilikuwa kimekigusa kidole hicho Jumapili nyingi bila jibu. Akaufunika mdomo wake kwa mkono. Nililia hadharani kama mtoto aliyefinywa, na yeye akalia na kucheka pamoja, na Saidi aliyekuja na reki yake akasimama akitushangaa, akauliza kama aite gari la wagonjwa.

Sista Wairimu alikisafisha kidole siku hiyo hiyo, akanigombeza kwa kuacha njia, kisha akanigusa vidole vyote kwa waya wake laini na kutia alama kwenye faili. Vitatu vilijibu. Alinipiga bega kwa nguvu.

Kwa daktari wa kampuni nilisimama, nikatembea, nikapanda ngazi na kushuka bila reli. Alipouliza kama kuna ganzi nikamwambia ipo, vidole saba bado vimelala, na nikamwonyesha. Aliandika hivyo hivyo, akanipitisha, akaongeza kwamba niwekewe kiti langoni. Kiti hicho nakikalia ninapoandika haya. Leo vimebaki vidole viwili tu vya kulia vilivyolala. Sijakata tamaa navyo.

Cheti cha daktari kiko ofisini. Mimi ninalotunza ni lile daftari la bluu, na ukurasa mmoja hasa, wenye alama ya chai na mchanga uliogandia. Umeandikwa kwa mwandiko mbaya:

Saa 1:25 asubuhi. Kwenye uzio, palipo na mathenge. Nimechomwa na mwiba, mguu wa kushoto, kidole cha pili. Inauma sana.

Na chini yake, kwa mwandiko wa Jebet: Nimeshuhudia. Ni kweli.